Arobaini ya Nina

Kwetu arobaini ni hesabu ya kufunga mambo. Mzazi hutoka ndani siku ya arobaini, marehemu husomewa arobaini yake, na mwizi zake zikitimia hana pa kukimbilia. Ndiyo maana nilisimama kidogo nilipofungua riwaya ya mapenzi ambayo mwanamke wake anatimiza miaka 40 katika kurasa za mwanzo kabisa. Mahali ambapo hadithi nyingine humtuliza mwanamke pembeni, ampe nafasi binti yake, hii inamwamsha na kumwambia tunaanza.

Riwaya yenyewe ni *Anyone But You* ya Jennifer Crusie, Mmarekani. Ilitoka mwaka 1996 katika mfululizo wa Harlequin ulioitwa Love & Laughter, uliochanganya mapenzi na vichekesho. Nina Askew ameachana na mume tajiri, amehamia kwenye nyumba ndogo ya kupanga, na siku yake ya kuzaliwa anaamua kujizawadia mbwa. Anakwenda kwenye makazi ya wanyama waliotelekezwa akiwa na nia ya kuchukua kijibwa kichangamfu. Anarudi na Fred: mbwa wa makamo, mnene, mwenye uso wa huzuni, ambaye ni wazi hakuna mwingine angemtaka. Fred anajifunza kupita dirishani na kutumia ngazi ya nje ya kukimbilia moto, kisha anakosea dirisha na kuingia kwa jirani wa chini. Jirani ni Alex Moore, daktari wa kitengo cha dharura, mwenye miaka 30.

Mimi nililelewa Tanga, katika nyumba ambayo mbwa hakuvuka kizingiti, na bado Fred nilimwelewa mara moja.

Kitabu hiki ni cha ile aina ambayo sisi wasomaji wa Afrika Mashariki tuliijua kwa jina moja tu, Mills & Boon, hata pale jalada lilipokuwa na jina jingine. Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908 na Gerald Mills na Charles Boon, ikayashika mapenzi kwa mikono miwili kuanzia miaka ya 1930. Harlequin ilizaliwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1949, ikaanza kuchapa upya vitabu vya Mills & Boon mwaka 1957, na mwaka 1971 ikainunua kampuni yenyewe. Utaratibu wao unajulikana. Kila mwezi hutoka vitabu kadhaa vya mfululizo mmoja, vyenye namba, vyenye urefu uliopangwa na ladha iliyopangwa, na mwisho ni wa furaha. Mwezi ukiisha vinaondolewa rafuni, vinakuja vingine. Anayenunua hapo ananunua ahadi.

Ahadi hiyo niliijulia bwenini, shule ya wasichana, miaka ya themanini. Kitabu kimoja kilisomwa na bweni zima, kimevishwa gazeti, kurasa za mwanzo zimeshang'oka, na aliyekuwa na zamu ya usiku alisoma kwa tochi chini ya shuka huku mwenzake akisikiliza nyayo za matroni. Msichana wa humo alikuwa na miaka 19, ikizidi sana 22. Alikuwa nesi, au katibu muhtasi, au yaya wa watoto wa tajiri. Mwanamume alikuwa na 35, ana shamba la farasi au meli au hospitali nzima, na ana hasira ambazo hakuna aliyeeleza zimetoka wapi. Sisi tulikuwa na 16, na yule wa 19 alikuwa dada yetu mkubwa: ametangulia, ametuonyesha njia. Leo nina miaka 54. Yule msichana amekuwa mdogo kuliko kitindamimba wangu, na nikikutana naye tena kwenye meza za vitabu vya mtumba pale mjini, ninachotamani ni kumshika mkono nimrudishe kwao kabla yule bwana hajampigia kelele tena.

Basi raha ya kukutana na Nina ni nini hasa? Jibu la haraka ni kwamba nimejiona. Ni kweli, lakini halitoshi, kwa sababu kujiona peke yake hata kioo cha bafuni kinaweza. Nadhani jambo lenyewe limo ndani ya mtambo wa hadithi. Pamela Regis, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu historia ya riwaya ya mapenzi, anataja mambo manane yasiyokosekana katika hadithi ya aina hii, na mojawapo ni kizuizi: kile kinachowafanya wawili wasiwe pamoja mpaka mwisho. Umri wa mwanamke ukibadilika, kizuizi kinabadilika, na kizuizi kikibadilika hadithi nzima inakuwa nyingine ingawa kalibu ni ileile.

Msichana wa miaka 19 huzuiwa na asichokijua. Hajui kama anapendwa, hajui yule mwanamke mwingine ni nani, hajui barua imefichwa wapi. Akishajua, mlango unafunguka. Nina anazuiwa na anachokijua. Anajua kuishi na mwanamume kunafanana na nini asubuhi ya siku ya elfu tatu. Anajua namna mtu anavyoweza kumezwa na maisha ya mwenzake, na mialiko ya mwenzake, mpaka asikumbuke yeye mwenyewe alikuwa anapenda nini. Anajua pia ngozi ya shingo inakoelekea. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu ameumwa. Hakuna barua itakayopatikana ikamtuliza. Alex anaweza kumwambia mara 10 kwamba anampenda, naye akamwamini, na bado asikubali.

Kuna wasomaji ambao sehemu hii inawachosha. Wanasema mwanamke anapendwa na kijana mzuri, mwema, daktari, na anakataa kwa sababu ya miaka 10 tu, sasa anataka nini? Mimi naona hapo ndipo kitabu kinaposema kweli. Kwanza, Nina ana kitu cha kupoteza. Yule msichana wa zamani alikuwa anapewa vyote kwa mkupuo mmoja wa ndoa: nyumba, heshima, utu uzima wenyewe. Nina ameshajipatia ufunguo wake, kodi anailipa mwenyewe, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi anakaa kwenye kochi alilolichagua yeye. Mapenzi yakija kwake hayaji kama mwokozi. Yanakuja kama mgeni anayeomba nafasi katika nyumba ambayo ndiyo kwanza imepangwa, na mwenye nyumba ana haki ya kumtazama mgeni huyo kuanzia unyayo. Pili, yule kijana naye anakosea kwa namna inayoeleweka: anadhani Nina, kwa kuwa alitoka kwenye utajiri, atahitaji mwanamume wa kipato kikubwa. Kila mmoja anaogopa kwa niaba ya mwenzake. Nimeona ndoa za watu wazima zikivunjika kwa hilo hilo, bila ubaya wa mtu yeyote.

Halafu lipo la watu watasema nini. Hili mwanamke wa Marekani na mwanamke wa Tanga wanalibeba kwa uzito uleule, ila sisi tumeliwekea na msamiati. Mwanamke mtu mzima akionekana na kijana, mtaa una maneno mawili tayari: yeye ni jimama, kijana ni marioo. Yaani lugha imeshaamua kwamba kati yao kuna fedha tu, na kwamba mwili wake ni wa kuchekwa. Mwanamume wa 54 akioa binti wa 30 hapewi jina lolote. Tunasema ameoa. Nimejaribu kutafuta katika Kiswahili cha mitaani neno moja la heshima kwa mapenzi ya mwanamke aliyemzidi mwenziwe umri, na sijalipata. Na hapo ndipo ninaposhangaa zaidi, kwa sababu sisi tuliosoma madrasa tumekulia kwenye habari za Bibi Khadija. Kwa mapokezi yaliyo mashuhuri alikuwa na miaka 40, mjane, mfanyabiashara mwenye misafara yake, na ndiye aliyepeleka ujumbe wa posa kwa Muhammad (S.A.W.), aliyekuwa na 25. Siweki riwaya ya dukani kwenye mizani moja na habari hiyo. Nasema tu kwamba jamii iliyomfundisha mtoto kisa hicho akiwa na miaka saba haikuwa na sababu ya kutunga neno jimama.

Wachapishaji nao wamekuwa wakisogea na kurudi nyuma. Mwaka 1981 kampuni ya Jove ya New York ilianzisha mfululizo wa Second Chance at Love, wenye wanawake waliofiwa au kuachwa na wanaopenda mara ya pili. Mwaka 2005 Harlequin walianzisha NEXT, mfululizo wa wanawake waliokwisha kupita ujana, na mwaka 2007 ukafungwa. Miaka miwili tu. Mwanamke wa miaka 50 ni mnunuzi anayekaribishwa sana dukani. Kwenye jalada ndipo panapokuwa na foleni.

Mfano unaoniuma ni wa Betty Neels, nesi wa Kiingereza aliyestaafu. Alimsikia mwanamke mmoja maktabani akilalamika kwamba hapati riwaya nzuri za mapenzi, akaenda nyumbani akaandika. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1969, yeye akikaribia miaka 60, na kabla ya kufariki mwaka 2001 alikuwa ameandika zaidi ya 130, vingi vyake na nesi wake na daktari wake wa Kiholanzi. Ninawapenda wanawake wa Neels. Wana akili, wanafanya kazi kweli, viatu vyao vimechakaa. Lakini wengi hawajafika hata 30. Mwanamke aliyeanza uandishi katika umri ambao wenzake wanagawa vyombo vyao kwa wajukuu, ambaye mwenyewe aliolewa na Mholanzi na kuishi naye miaka mingi, alitumia zaidi ya miaka 30 kuandika mapenzi ya wasichana. Najiuliza ni nini alichokijua kuhusu mume na mke wa miaka 65 ambacho hakikupata kitabu.

Wapo wanaosema vitabu hivi ni uongo na vinawalewesha wanawake. Nimeisikia hoja hii tangu bwenini, na sasa naisikia kutoka kwa vijana wenye shahada. Mwaka 1984 Janice Radway, msomi wa Marekani, alichapisha utafiti wake juu ya kundi la wanawake wasomaji wa riwaya za mapenzi katika mji aliouficha kwa jina la Smithton. Alichokisikia kwao kilihusu kitendo cha kusoma kuliko hadithi zenyewe. Wanawake hao, wengi wake na mama wa nyumbani, walimweleza kwamba wakishika kitabu familia inaelewa kuwa mama hayupo kwa muda. Ilikuwa saa yao. Nami najua saa hiyo. Kwangu ni baada ya isha, vyombo vimeoshwa, simu imegeuzwa kifudifudi. Anayeniita mlevi kwa saa moja hiyo aje kwanza aone nyingine zinavyokwenda.

Ila sitakisifia kitabu kwa mambo kisichonayo. Kurasa nyingi mno zinakwenda kwenye sidiria na wasiwasi wa matiti yaliyoshuka. Mwili unazeeka, ni kweli, na kicheko kipo, lakini mwanamke wa 40 ana mambo mengine ya kumkosesha usingizi. Nina hana mtoto. Hana mama mgonjwa chumba cha uani, hana mdogo wake anayeomba ada, hana kikoba cha Jumamosi. Upweke wake ni safi mno, umefagiliwa. Na 40 yenyewe, kwa msomaji wa 54, bado ni asubuhi. Natamani riwaya ya mwanamke aliyekoma hedhi, anayeamka usiku wa manane kwa joto na kufungua dirisha, na mtu wa upande wa pili wa uchochoro akawa naye yuko macho.

Kwetu je? Mwanamke mtu mzima hajakosekana kabisa katika maandishi ya mapenzi ya Kiswahili. Yumo, lakini amekalishwa kwenye kiti cha kungwi. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, amwachie bintiye Mwana Hashima wasia wa namna ya kukaa na mume. Ni utendi ninaouheshimu, na kila nikiusoma ninamwona aliyeusema: mwanamke aliyeishi na mume akamzika, aliyejua harufu ya ubani na uzito wa usiku. Anayajua yote hayo, na yote anayageuza kuwa mafunzo kwa mwingine. Tangu hapo hadithi zetu zimemwendeleza palepale. Ni shangazi anayeulizwa, somo anayefunda, mama anayekataa posa au kuikubali. Anasimamia mapenzi ya wenzake.

Na binti anayependa, yeye kwa kawaida hulipa. Rosa wa mwandishi Euphrase Kezilahabi, katika riwaya ya *Rosa Mistika* ya mwaka 1971, anaishia kujiua. Ni riwaya kubwa, sisemi iwe na mwisho mwingine. Nasema tumezirithi hadithi nyingi ambazo mwanamke akipenda lazima aanguke ili msomaji ajifunze, na za magazetini zikaongeza: akipenda akiwa mtu mzima, ni mchawi au ni mwizi wa waume. Mbele ya urithi huo, mwisho wa furaha ulioahidiwa toka jaladani ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Unamwambia msomaji kwamba mwanamke huyu hataadhibiwa.

Taarabu ilituzidi hapa mapema. Bi Kidude aliimba mapenzi jukwaani akiwa kikongwe, mpaka karibu na kifo chake mwaka 2013, na hakuna aliyemwambia ashuke. Wanawake wenye wajukuu huinuka vitini, wakaenda mbele kumtunza mwimbaji kwa ubeti uliowagusa, na ukumbi mzima unaelewa kuwa beti hizo zina mwenyewe. Kwenye wimbo mtu mzima anaruhusiwa kuwa na moyo. Kwenye riwaya tunamwambia atoe nasaha. Hata simulizi za siku hizi, zinazouzwa sehemu kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp, nyingi huanza na binti mrembo wa miaka 20 anayeshuka basi stendi. Waandishi hao wana kipaji cha kukufanya usilale, nawasoma na nawalipa. Lakini nimeshamchoka yule binti na begi lake.

Na mali tunayo. Chukua mjane aliyemaliza eda, miezi minne na siku 10, akavua vazi lake na kurudi kwenye genge lake la samaki. Kuna mvuvi, au fundi cherehani, au mwalimu mstaafu, ambaye kwa miaka hamsini amekuwa jirani tu. Kizuizi hapo hakihitaji kutungwa. Nyumba haijagawanywa mirathi, na watoto wakubwa wanaogopa mwanamume mgeni atakayekalia baraza ya baba yao. Binti mkubwa anaona haya mama yake kuposwa mwaka uleule anaoposwa yeye. Wifi ana maneno. Yule mwanamume pengine ana mke mwingine, na hapo mwanamke mwenye miaka 50 anaweza kusema jambo ambalo asingelisema akiwa na 20: nakupenda, na kwa uke wenza siji. Au pengine akaja, akijua anachokifanya, kwa sababu siku nne za peke yake kwa wiki anazitaka. Ndani ya mlango mmoja wa nyumba ya Kiswahili mna vizuizi vya kutosha mfululizo wa mwaka mzima, na kila kimoja ni cha mtu aliyekwisha kuishi.

Ninaye shoga yangu, tumesoma naye, ambaye alifiwa miaka mitatu iliyopita. Kiingereza cha riwaya kinamchosha, kwa hiyo kitabu cha Nina nimekuwa nikimsimulia jioni tukipembua mchele. Mbwa hakumkubali hata kidogo. Ikabidi Fred awe paka, mzee, mnene, na ngazi ya moto ikawa ukuta wa uani. Jina la Nina lilimpendeza lilivyo, kwa sababu katika Kiswahili cha washairi nina ni mama. Alisikiliza mpaka pale Alex alipogonga mlango, akaweka ungo chini.

"Shoga, na watoto wake walisemaje?"

Nikamwambia huyu hana watoto.

"Hana? Na nyumba, ni ya nani?"

"Ya kupanga."

Alinyamaza, akatoa kokoto moja kwenye mchele, akaitupa. Nikaona hadithi inataka kunifia mikononi. Basi nikampa Nina mabinti wawili, mmoja Dar es Salaam na mmoja pale pale nyumbani, na nyumba ya mirathi yenye vyumba vinne, na wifi. Akauchukua ungo wake. Tumefika siku ya tano, na mlango bado haujafunguliwa.